Bi Rumyana Alivyoshika Kijiti Japani

Jumatatu ile, siku tatu kabla ya kupanda ndege kwenda Japani, tulifika mazoezini tukakuta jukwaa la mwongozaji tupu. Kwa miaka kumi na mmoja Maestro Ognyan Bozhkov alikuwa ameiongoza okestra yetu ya Kibulgaria bila kuchelewa hata dakika mbili, kwa hiyo tuliketi tukigusagusa vyombo vyetu na kutazamana. Mwishowe mkurugenzi, Bi Snezhana Tsoneva, aliingia akiwa bado na koti mwilini. Alisema maestro amelazwa tangu alfajiri. Ana jiwe kwenye figo, limekwama pabaya, na daktari amemkataza katakata asipande ndege.

Safari yenyewe ilikuwa ya maonyesho matano ndani ya siku kumi na moja, na la mwisho, la Tokyo, lilikuwa lirushwe kwenye televisheni. Tulikuwa tumeisubiri miaka minne.

Mimi hupiga ngoma za shaba. Kazi yangu ni kukaa nyuma kabisa, juu ya ngazi ya mwisho, na mara nyingi kurasa nzima hupita nikiwa nahesabu tu bila kugusa ngoma. Mwongozaji akiipa hadhira mgongo, uso wake unakuwa kwangu. Ndiyo maana naweza kusimulia mambo haya. Waliokaa ukumbini waliona mgongo tu.

Bi Snezhana alipiga simu Sofia, akapiga Varna, akavuka kwa simu hata mto wa mpaka hadi Bukarest. Kila mwongozaji alikuwa na shughuli zake. Kufika saa sita mchana jina lililobaki lilikuwa moja, Rumyana Kerezova, mwanamke wa miaka hamsini na tisa aliyekuwa akiongoza muziki katika jumba la michezo ya kuimba na kuchekesha, mitaa mitatu tu kutoka kwetu. Alikuwa huko kwa miaka thelathini na mmoja. Alikubali kwa sharti moja, kwamba akutane nasi mchana uleule, kwa muda wa saa nne kamili.

Zdravko Minev, mpiga fidla wetu wa kwanza, ambaye neno lake kwetu lina uzito kama la naibu wa mwongozaji, alifuta miwani yake polepole. "Haya," alisema, "tunakwenda Japani na shangazi wa vichekesho. Chukueni na vikaragosi basi." Watu walicheka, nami nilicheka.

Saa nane Bi Rumyana alikuja kwa miguu. Simu ilikuwa imemkuta sokoni, kwa hiyo alikuwa na kikapu chenye vitunguu vya majani vilivyochomoza kama manyoya ya jogoo. Alikiweka chini ya piano, akavua koti, akapanda jukwaani na kutuomba tucheze sehemu yote ya kwanza ya simfoni, bila kusimama. Ilikuwa simfoni kubwa ya Mrusi mmoja, tuliyokuwa tumeipiga na Bozhkov kiasi kwamba tungeweza kuipiga usingizini. Alituongoza kwa mkono mdogo sana, kama mtu anayekoroga uji asije akaumwaga. Tulipomaliza alifunga kitabu cha nota.

"Maestro Bozhkov amewapika vizuri," alisema. "Mimi siji hapa kuongeza chumvi. Kuna mahali patatu tu nataka tukae kidogo."

Ninapopakumbuka zaidi palikuwa katika sehemu ya polepole. Aliwaambia wapiga fidla waicheze kama mtu anayezungumza na mgonjwa anayependa, huku hajui kama mgonjwa amelala au anasikia. Walijaribu mara mbili. Mara ya tatu mwanamke mmoja wa fidla za pili aliacha kupiga, akatafuta leso. Kisha Bi Rumyana alinigeukia mimi.

"Metodi, hapo usinitazame mimi. Mimi sina sauti. Sikiliza wapiga besi wanavyovuta pumzi, uingie nao."

Miaka kumi na tisa nilikuwa nikipiga pale kwa kutazama kijiti cha mwongozaji. Niliinamisha macho, nikasikiliza, nikaingia. Sauti ya ngoma zangu ilitoka chini ya besi kama maji yanavyotokeza chini ya mlango. Sikuwahi kujua kwamba zinaweza kulia hivyo.

Wakati wa mapumziko nilimuuliza amejuaje jina langu. Alisema kila Ijumaa ambayo jumba lao linafungwa yeye huja kutusikiliza, safu ya tisa, pembeni mwa nguzo. Ameanza zamani, kabla ya Bozhkov. Alijua pia jina la mpiga filimbi mdogo aliyeajiriwa mwezi uliotangulia. Sisi hatukuwahi kumwona.

Alhamisi tulipanda ndege tukiwa wapigaji sitini na wanane, masanduku yamejaa soseji kavu na chupa za lyutenitsa, yaani rojo la pilipili hoho, maana kwetu mtu haendi mbali bila pilipili za mama yake. Zdravko alijikalia mbele na kusoma gazeti. Alikuwa ameacha utani, ila hakuwa amesalimu amri. Alisema mazoezi ni mazoezi, ngoja taa ziwake.

Taa ziliwaka Nagoya, na mambo yakaenda salama. Usumbufu pekee ulitoka kwenye vichwa vyetu wenyewe. Bwana Kuwabara, msimamizi wa jukwaa, mtu mpole mwenye saa mbili mkononi, alituuliza kama tuko tayari, nasi sote tukatikisa kichwa kushoto na kulia, ishara ambayo kwetu ni ndiyo. Maskini alikimbia kuzuia milango isifunguliwe. Bi Rumyana alimfuata akamshika kiwiko, akamweleza kwa ishara mpaka wote wawili wakacheka. Kuanzia siku hiyo Bwana Kuwabara akawa anatikisa kichwa kama Mbulgaria wa kuzaliwa.

Onyesho la pili lilikuwa Kanazawa. Nusu ya kwanza tulikuwa na mpiga piano, Ágoston Verebes, kijana wa Budapest mwenye miaka ishirini na sita, aliyekwisha kushinda mashindano makubwa mawili na ambaye mabango yalimpa picha kubwa kuliko okestra nzima. Kwa kweli alikuwa mpigaji wa ajabu. Lakini kazi ile ya piano na okestra ina mtego katika sehemu yake ya mwisho. Wimbo uleule unarudi mara tatu, na kila mara unatoka kwa mlango mwingine. Ágoston alifika wimbo uliporudi mara ya kwanza, akatoka kwa mlango wa mara ya tatu.

Mimi nilikuwa nahesabu. Nilisikia piano ikiruka vipimo vya nota arobaini na kitu mbele yetu. Watu sitini walikuwa wakicheza ukurasa mmoja, naye peke yake yuko ukurasa mwingine. Katika hali kama ile okestra ina nafasi ya sekunde tatu au nne kabla sauti hazijaanza kugongana na kila mtu ukumbini ajue. Niliona uso wa kijana umekuwa mweupe kama karatasi, maana alikwisha kujua, na vidole vyake vilikuwa vinakwenda tu kwa kuwa haviwezi kusimama.

Nilimtazama Bi Rumyana. Alikuwa anatabasamu.

Mkono wake wa kushoto ulifumba ngumi, na nusu ya okestra ikanyamaza papo hapo. Aliwageukia wapiga baragumu, midomo ikatamka herufi moja, ile iliyoandikwa kwenye nota kuonyesha mahali. Baragumu wa kwanza akaingia pale pale alipokuwa piano. Kisha macho yake yakaenda kwa wale wa fidla kubwa zinazoshikwa kati ya magoti, wakaingia. Kisha kwa Zdravko, ambaye alifungua ukurasa kwa upinde wake, nyuma yake fidla zote. Mwisho alinionyesha mimi vidole viwili, yaani vipimo viwili zaidi, nikapiga. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kupiga chafya na kujifuta. Tulimaliza pamoja na piano, sauti moja, na ukumbi ukasimama kupiga makofi. Hakuna aliyejua kitu.

Nyuma ya jukwaa Ágoston alikwenda moja kwa moja kwenye chumba chake, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo tuliokuwa ujiani tulisikia. Alikuwa akilia kama mtoto. Alisema ameharibu, ameaibisha kila mtu, kesho atarudi kwao.

"Umekula?" Bi Rumyana alimuuliza.

Alisema hajala tangu asubuhi.

"Kaa hapo." Tulisikia sanduku likifunguliwa na kisu kikikata soseji. "Sikiliza, mwanangu. Kwetu kule kuna mwimbaji mmoja aliwahi kuruka ubeti mzima, akajikuta amemchumbia mama mkwe badala ya binti. Jukwaani, mbele ya watu mia nne. Nikawarudisha nyumbani wote, na arusi ikafungwa. Hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka thelathini na mmoja. Watu wanasahau, mimi nawafuata. Kesho ukipotea tena nitakufuata tena. Kwa hiyo piga tu."

Kabla ya basi kuondoka alituomba jambo moja, tena kwa sauti ya kawaida, kama anayetukumbusha kufunga mikanda. Tusilizungumze suala lile, wala kwa mzaha, mahali ambapo kijana anaweza kusikia. Hakuna aliyelizungumza. Zdravko alikaa karibu nami safari nzima bila kufungua gazeti. Tulipokaribia hoteli ndipo aliponiambia, "Nilisikia kaburi likifunguka, Metodi. Namtazama, anatabasamu. Unajua kwa nini alitabasamu? Ili mimi nisiogope." Asubuhi yake nilimwona akimbebea Bi Rumyana sanduku kwenye ngazi, naye anamgombeza kwamba mgongo wa mpiga fidla una thamani kuliko sanduku.

Hiroshima tulicheza vizuri kuliko tulivyowahi kucheza kwetu. Kobe zaidi. Ágoston alipiga kama ndege aliyefunguliwa tundu, kila jioni akimtazama Bi Rumyana kabla ya kugusa piano. Na mahali pale pa sehemu ya polepole palizidi kutulia, hata nikawa nasubiri zamu yangu kama mtu anavyosubiri barua.

Halafu siku mbili kabla ya Tokyo habari zikaja. Jiwe la maestro lilikuwa limetoka lenyewe, daktari amemruhusu, na tayari yuko njiani. Mkataba ulisema wazi kwamba onyesho la televisheni ni lake.

Chakula cha mchana kiligeuka mkutano. Zdravko, yuleyule wa vikaragosi, aliomba karatasi mapokezini na kuandika kwamba sisi tuliotia saini tunaomba onyesho la mwisho liongozwe na Bi Kerezova. Watu sitini na mmoja tuliweka saini. Saba walikataa kwa kuogopa, na siwalaumu. Tulikuwa hatujamaliza kupongezana Bi Rumyana alipoingia, akanyoosha mkono, na Zdravko akampa karatasi kama mwanafunzi aliyekamatwa na mwalimu. Aliisoma mpaka saini ya mwisho. Alichukua muda.

"Asanteni," alisema. "Hii nitakaa nayo mimi." Aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba. "Sasa nisikilizeni. Nani aliwafundisha simfoni hii? Bozhkov. Mimi nimeazimwa farasi aliyeshiba, nikampanda siku kumi. Huyo mtu ametoka hospitali, anavuka nusu ya dunia kuja kwa watu wake. Mkimfanyia hivi mbele ya wageni, mimi nikizeeka mtanifanyia nini?"

Zdravko alisema si haki.

"Sikusema ni haki, Zdravko. Nimesema hamfanyi."

Alasiri ile aliandika kurasa tatu kwa ajili ya Bozhkov, kwa mkono. Najua kwa sababu baadaye aliniruhusu kuzisoma. Zilisema kwamba mpiga baragumu wa pili ana kidonda mdomoni na asilazimishwe mazoezini, kwamba Ágoston huharakisha akiwa na njaa, kwamba baba wa msichana wa filimbi ni mgonjwa sana huko nyumbani na asimkaripie. Kuhusu yeye mwenyewe hakukuwa na mstari hata mmoja.

Bozhkov alifika amekonda, suti inamning'inia, rangi yake ya majivu. Tulimpigia makofi, naye akatushukuru. Bi Rumyana alimkabidhi kurasa zake na kwenda kukaa mbali ukumbini, safu ya ishirini hivi. Mazoezi yakaanza. Sehemu ya kwanza ilikwenda kama zamani. Kisha tukaingia sehemu ya polepole.

Hatukukusudia kumwasi. Naapa kwa hilo. Lakini fidla walishajua kuzungumza na yule mgonjwa, hawakuweza tena kucheza vingine, na mimi sikukitazama kijiti, niliwasikiliza besi. Nilimwona Bozhkov akikunja uso. Kisha uso ulikunjuka. Mikono yake ikashuka taratibu mpaka ikafika mapajani, akabaki amesimama hivyo, haongozi, nayo okestra ikaendelea peke yake hadi mwisho wa sehemu. Nilifikiri tumemuumiza.

"Nani amewafundisha hivi?" aliuliza.

Watu waliangalia nota zao. Zdravko alisimama. "Bi Kerezova, maestro."

Bozhkov aligeuka akalikodolea macho giza la ukumbi. "Rumyana. Njoo hapa."

Alikuja, mkoba mkononi, akisema kabla hajafika kwamba anaweza kueleza, kwamba ni mahali patatu tu, na kuparudisha ni kazi ya nusu saa.

"Nyamaza kidogo," alisema Bozhkov, si kwa ukali. Akatugeukia. "Huyu tulisoma darasa moja Sofia. Hilo hamlijui, maana sikuwahi kulisema, na yeye ndiyo kabisa. Mwaka wa mwisho walitaka mtu mmoja tu wa kupewa okestra. Walimu walitusikiliza sote wawili. Wakasema mwanamke atazaa, ataacha. Wakanipa mimi. Na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikasikia alivyoongoza." Alifuta jasho kwa mkono wa koti. "Nikachukua."

Bi Rumyana alimwambia ni mambo ya zamani, waendelee na mazoezi, saa inakwenda.

"Jioni nitaongoza nusu ya kwanza. Simfoni ni yako."

"Mkataba una jina lako, Ognyan. Na televisheni."

"Kwa hiyo niwaambie nini? Nitawaambia ukweli, nimetoka hospitali, miguu haina nguvu. Tena kuna jambo jingine." Alisita, kama mtu anayeona haya. "Miaka kumi na mmoja nasimama katikati ya hawa. Sijawahi hata siku moja kukaa ukumbini nikaisikia okestra yangu. Acha nikae nisikilize, tafadhali."

Bi Rumyana aliweka mkoba chini. Kisha alitikisa kichwa kushoto na kulia, na Bwana Kuwabara, aliyekuwa amesimama pembeni bila kuelewa neno hata moja la maneno yale, akaandika kwenye daftari lake.

Jioni ile nilimwona Bozhkov akiingia ukumbini baada ya mapumziko na kukaa kwenye kiti cha pembeni, mikono juu ya magoti. Bi Rumyana alipanda jukwaani akiwa na gauni lake jeusi la siku zote, lile la jumba la michezo, lililong'aa kidogo kwenye viwiko kwa kuvaliwa. Aliinamia hadhira kwa kifupi, akatugeukia, akatuangalia safu kwa safu mpaka akafika kwangu. Nilikuwa na hofu kabla ya kila onyesho kwa miaka kumi na tisa. Jioni ile sikuwa nayo.

Siwezi kusimulia muziki. Naweza kusema kwamba katika sehemu ya polepole watu elfu mbili waliacha hata kukohoa, na kwamba nilipoingia chini ya besi nilisahau kuwa nina mikono. Katika sehemu ya mwisho, pale tunapopasuka sote kwa pamoja, yeye ambaye siku zote mkono wake ni mdogo aliufungua mkono mzima, mara moja tu, kama mtu anayefungua dirisha la nyumba iliyofungwa miaka mingi. Nilipiga mpaka ngozi za ngoma zikalegea. Makofi yalidumu dakika kumi na moja, Bwana Kuwabara aliyapima kwa saa zote mbili. Bi Rumyana alimwita Bozhkov apande jukwaani, akakataa. Akashuka yeye, akamshika mkono, akampandisha.

Tuliporudi nyumbani Bi Snezhana alimpa cheo cha mwongozaji wa pili na maonyesho matatu kila msimu. Alikubali, mradi asiache jumba lake, kwa sababu alisema waimbaji wale wakiachwa peke yao wataoana hovyo. Onyesho lake la kwanza kwetu lilikuwa Februari, kwenye theluji nzito. Ukumbi ulijaa, Ágoston alipanda treni kutoka Budapest bila kualikwa, na Bozhkov alikuwa wa kwanza kuingia, na programu mkononi iliyoandikwa jina moja tu la mwongozaji.

Msimu uliofuata nilimuuliza Bi Rumyana kama miaka ile yote hakuwa na uchungu. Tulikuwa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, yeye anavaa glavu. 

"Nilikuwa nao," alisema. "Ijumaa, safu ya tisa, nilikuwa nao sana. Halafu mlikuwa mnaanza kucheza." Akaniuliza mke wangu anaendeleaje na goti lake, akashuka kwenda kazini, maana saa moja jioni pazia la jumba lake lilikuwa linafunguliwa.